Bwawa Lililofungwa Nusu

Gaétan Robitaille aliingia kituo cha polisi cha Sainte-Odile, mji mdogo wa jimbo la Québec, Jumapili asubuhi, akavua kofia yake ya sufu, akasema kwa sauti ambayo hata mfagiaji mwisho wa ukumbi aliisikia:

"Yule mtu wa Barabara ya Kinu, mimi ndiye niliyemgonga. Nifungeni."

Sajini mpelelezi Pierrette Dubuc alikuwa ndiyo kwanza anaketi na kahawa yake. Aliiacha mezani. Tangu jana jioni hakuwa na kazi nyingine ila hiyo. Mwoka mikate wa mjini, Yvan Lachapelle, alikutwa mtaroni kando ya Barabara ya Kinu, nyonga imevunjika, hajitambui. Karibu naye lilikuwa pipa la bluu la takataka, limepasuka vipande vipande. Aliyemgonga hakusimama. Alichoacha nyuma ni vipande vya kioo cha pembeni, aina inayofungwa kwenye pikapu za zamani. Hospitalini daktari hakutaka kuahidi kitu.

Alimwingiza Gaétan kwenye chumba cha mahojiano. Ilimbidi mtu huyo ainame kidogo mlangoni. Umri wake ulikaribia sitini, fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto, mjane, hana rekodi yoyote zaidi ya faini moja ya kuegesha gari vibaya. Konstebo Wilner Jean-Baptiste, aliyezaliwa Haiti na kuvaa sare ya Sainte-Odile kwa zaidi ya miaka kumi, alivuta karatasi na kalamu.

"Ulikuwa unatoka wapi?" Pierrette aliuliza.

"Joliette. Kwa rafiki."

"Anaitwa nani huyo rafiki?"

"Sikumkuta, afande."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuona huko."

"Hakuna."

"Ukagonga mtu, ukaenda zako."

"Niliogopa. Nikakimbia. Ni hivyo tu, hakuna hadithi nyingine. Andikeni nitie sahihi."

Wilner alianza kuandika. Pierrette hakuwa na haraka.

"Barabarani kulikuwa na pipa. Jana upepo uliyatupa mapipa mji mzima. Mtu angeweza kudhani kagonga pipa tu, akaendelea na safari. Si jambo la ajabu."

Gaétan alimtazama haraka, kisha akarudisha macho mezani.

"Hapana. Nilijua ni mtu."

Pierrette alikuwa amewahoji madereva wengi waliogonga watu. Hakumkumbuka hata mmoja aliyeletewa kisingizio kama hicho mkononi, tena bure, akakirudisha. Aliiangalia mikono ya Gaétan juu ya meza. Ilikuwa mikubwa, imepasukapasuka kwa maji baridi, na viganjani ilikuwa na michubuko myekundu, kama ya mtu aliyevuta kamba kutwa nzima. Yeye mwenyewe alikuwa na michubuko kama hiyo wiki iliyopita.

"Bwawa lako umeshalifunga?"

Wilner aliacha kuandika.

"Bwawa?" Gaétan alisema.

"La kuogelea. Mtaa wenu wote una mabwawa. Baridi imefika, kila mtu anafunga lake."

"Nimefunga. Ijumaa."

"Lote?"

"Lote."

"Una bahati. Mimi nililifunga langu wiki iliyopita, mgongo bado unaniuma." Pierrette alisimama. "Wilner, mletee kahawa. Halafu tukaione pikapu."

* * *

Pikapu ya rangi ya kahawia ilikuwa uani mwa kituo, pale Gaétan alipoiegesha asubuhi hiyo. Kioo cha pembeni upande wa kulia kilikuwa kimeng'oka, na juu ya gurudumu palikuwa na mchubuko wenye rangi ya bluu, rangi ya lile pipa.

"Gari ndilo," Wilner alisema. "Mtu ndiye. Bosi, leo tunakula mchana nyumbani."

"Ngoja kwanza."

Pierrette, ambaye hakufika begani mwa Wilner, alipanda kwenye kiti cha dereva. Miguu yake haikufikia hata breki; kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa. Lakini alipoinua macho kwenye kioo cha juu, kile cha kutazamia nyuma, aliliona dirisha lote la nyuma bila kukigusa.

"Panda wewe. Usishike kitu. Unaona nini kwenye kioo?"

Wilner alipanda, akakaa, akakunja uso. "Naona kiti. Na bega langu."

"Na Gaétan amekuzidi urefu."

"Labda hatumii kioo."

"Labda." Alikwenda nyuma, akafunua turubai. Chini yake, kando ya kuni chache, palikuwa na madumu mawili ya plastiki. Vifuniko vyake havijawahi kufunguliwa. Ndani mlikuwa na kimiminika cha rangi ya waridi.

"Hiyo nayo ni sharubati?" Wilner aliuliza.

"Jaribu. Hutakufa, lakini hutafurahi. Ni dawa ya mabomba ya bwawa, isiyoganda. Maji yakibaki ndani ya bomba wakati wa baridi yanakuwa barafu, barafu inatanuka, bomba linapasuka huko chini ya ardhi. Mwezi wa tano unafukua ua mzima kulitafuta."

"Kwa hiyo mtu anachimba shimo, analijaza maji, anaogelea miezi miwili, halafu miezi kumi anahangaika lisiharibike."

"Ndiyo."

"Na sisi Wahaiti ndio mnatuona watu wa vituko."

Pierrette alicheka, lakini macho yalibaki kwenye yale madumu. "Niambie, Wilner. Mtu aliyefunga bwawa lake lote Ijumaa, madumu haya alikuwa anayapeleka wapi Jumamosi?"

Wilner alikwenda kuwasha gari lao.

* * *

Nyumba ya akina Robitaille ilikuwa katikati ya Mtaa wa Lilas, ya matofali mekundu, na malenge mawili yamepangwa barazani. Walipobisha walifunguliwa na kikongwe mdogo sana aliyevaa aproni. Harufu ya supu ya njegere na paja la nguruwe ilimtangulia mlangoni. Aliwatazama kwa uso wa ukarimu, shingo imenyooka mbele kama kuku anayesikiliza.

"Jumapili nayo posta mnafanya kazi? Maskini. Gaétan ameagiza nini tena?"

"Sisi polisi, mama," Wilner alisema.

"Eeh! Polisi!" Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kifungo cha sare. "Kweli polisi. Nisamehe baba. Mwanangu hayupo. Ametoka asubuhi, hata kahawa hakunywa. Mimi ni mama yake, Rolande."

Pierrette alijitambulisha, akaomba ruhusa ya kuliona bwawa.

"Bwawa? Angalieni tu, mwanangu. Halijamwibia mtu." Alicheka utani wake mwenyewe, akarudi jikoni kwenye supu.

Ua wa nyuma ulikuwa na ubaridi unaouma masikio. Bwawa lilikuwa la kuchimbwa ardhini, refu, na lilikuwa limefunikwa kwa turubai nene la kijani. Pierrette alilizunguka taratibu, mikono mifukoni. Kwenye pande tatu, kingo za turubai zilikandamizwa kwa mifuko mirefu iliyojazwa maji, imepangwa mmoja nyuma ya mwingine, imenyooka kama mstari wa rula. Upande wa nne kulikuwa na matofali, magogo ya kuni, na kiti kimoja cha chuma kilicholazwa chali.

"Pande tatu kazi ya mtu mwenye adabu," Pierrette alisema. "Upande wa nne mtu huyo huyo amefukuzwa na nyuki."

Kwenye kona ya ua palikuwa na lundo kubwa la majani mekundu. Alilichota kwa mkono. Yalikuwa yamelowa hadi ndani, yamegandana, na yalinuka dawa ya klorini.

"Haya yametolewa majini kwa wavu. Sasa tazama juu ya turubai."

"Majani mawili matatu," Wilner alisema.

"Na mti wenyewe ule pale." Ng'ambo ya uzio ulisimama mti mkubwa wa mepo, ule ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kupukutika, matawi matupu kabisa.

Chini ya mti huo mzee mmoja mwenye reki alikuwa ameacha kazi na kuwakodolea macho. Alipoona wamemgeukia, alipaza sauti.

"Kumbe ameita kweli! Kila mwaka ananitishia, 'Théberge, nitakuitia polisi kwa majani yako.' Leo ameita! Haya, nikamateni. Ukamateni na mti."

"Hatukuja kwa ajili ya majani, mzee," Pierrette alisema akiusogelea uzio. "Ila tuambie. Yameanguka lini?"

"Jana. Ule upepo wa alasiri. Mti ulivuliwa nguo mara moja, majani yote yakaenda kwake. Ningefanyaje, niyashike hewani?"

"Na yeye alikuwa ameshafunika bwawa?"

"Angekuwa ameshafunika asingenitukana! Alikuwa hapo hapo ukingoni, na wavu, anayavua kama samaki. Tangu alipotoka mezani kula chakula cha mchana hakubanduka. Kama si wavu ni ile mashine yake ya kupuliza maji yatoke mabombani, inanguruma mpaka vikombe vyangu vinacheza kabatini."

"Una hakika ni jana? Si Ijumaa?"

"Dada, Ijumaa nilikuwa kwa daktari wa meno. Jana nilikuwa na meno, nilimjibu."

Wilner aligeuza uso pembeni kuficha kicheko.

"Mliachana vipi?" Pierrette aliuliza.

"Hatukuachana. Ndiyo kinachoniudhi. Amemaliza kuyavua, amefunika pande tatu, tuko hapa kwenye uzio, ananiambia neno, nami nimeshaandaa la kumjibu, mara tunasikia pikapu yake inaingia kule mbele. Anageuka, anakwenda. Mimi nimebaki na jibu langu mdomoni. Baadaye kidogo ambulansi ikapita na king'ora chake. Alipotokea tena hakuwasha hata mashine. Akatupatupa magogo kwenye upande uliobaki wa turubai, akaingia ndani. Hata hakunitazama."

"Nani aliendesha pikapu?"

"Kutoka hapa, kule mbele hakuonekani. Nilisikia mlango tu."

Pierrette alimshukuru. Akarudi bwawani, akaondoa magogo mawili na kukunja kona ya turubai. Maji yalikuwa yameshushwa vizuri, chini ya tundu pana la ukutani linalonyonya majani. Alipiga magoti kwenye saruji, akawasha tochi. Ndani ya tundu hilo mlikuwa na midomo ya mabomba mawili. Mmoja ulikuwa umezibwa kwa kizibo cha mpira, na rangi ya waridi ilionekana kuuzunguka. Wa pili ulikuwa wazi. Maji yaliyokuwamo yalishaanza kushika utando wa barafu, mwembamba kama karatasi.

"Njoo uone. Bomba la kwanza kalipuliza, akamimina dawa, akaziba. Alipofika la pili dawa ikamwishia. Mashine anayo inawaka, majani yanamwagika bwawani, jirani anamchokoza. Anafanya nini?"

"Anamtuma mtu dukani," Wilner alisema polepole.

"Duka la vifaa liko Barabara ya Kinu. Madumu yakanunuliwa. Yakarudi na pikapu. Lakini hayakushushwa, kwa sababu aliyekwenda kuyapokea alikiona kioo kimevunjika, na punde akasikia ambulansi." Alijipangusa magoti. "Nimeona watu wengi wakijitetea kwamba hawakuwepo. Huyu ana ushahidi wa kwamba hakuwepo umelala hapa uani, mrefu kama basi, na anaufunikia turubai."

"Anamficha mtu."

"Mtu mfupi."

Wilner alipiga vidole. "Binti yake! Sebuleni tulipopita kuna picha, msichana mfupi amevaa joho la chuo. Kijana, gari la baba, mwendo wa kasi."

"Mpigie."

Nambari waliipata kwa Bibi Rolande, ambaye aliitaja kwa kichwa bila kuuliza ya nini. Noémie Robitaille alikuwa Jiji la Québec, mpishi katika hoteli moja, na nyuma yake sufuria zilisikika zikigongana. Jana kutwa walikuwa na harusi, alisema. Mkuu wa jiko akachukua simu, akathibitisha: msichana hakutoka hata kuvuta hewa. Noémie akairudia simu.

"Kwani baba amefanya nini?"

"Anasema jana alasiri alikuwa barabarani akiendesha," Pierrette alimwambia.

"Siku ya kufunga bwawa?" Msichana alicheka. "Afande, siku hiyo hata nyumba ikiwaka moto baba anasema subirini nimalize bomba moja. Mama yangu alikuwa anamletea chakula ukingoni kama mfungwa."

"Funguo za pikapu hukaa wapi?"

"Kwenye msumari, jikoni." Kisha kicheko kikaisha. Sufuria ziliendelea kugongana. "Bibi yuko wapi?" aliuliza mwishoni. "Niambie bibi yuko salama. Walimnyang'anya leseni majira ya kuchipua. Macho yake..."

"Yuko salama. Anapika supu," Pierrette alisema, na akaifunga simu taratibu.

* * *

Bibi Rolande alikuwa ameshawaandalia bakuli mbili. Hakuuliza kama watakula. Juu ya jiko, kwenye msumari, ulikuwa umetundikwa mkufu mtupu wa funguo, na ukutani kulikuwa na picha ya zamani ya mwanamke kijana amesimama mbele ya basi la manjano la shule, mikono kiunoni.

"Ni wewe huyu, mama?" Wilner aliuliza.

"Nani mwingine? Nimewabeba watoto wa mji huu wote. Theluji hadi kiunoni, barafu kama kioo, sikuwahi kumfikisha mtoto shuleni amechelewa. Kula, baba, inapoa. Wewe una asili ya wapi?"

"Jérémie, Haiti."

"Kuna baridi huko?"

"Hakuna, mama."

"Basi ulikuja huku kutafuta nini, mwanangu?" Akacheka, akampiga begani.

Pierrette alikula vijiko viwili vitatu. Akaweka kijiko chini.

"Mama Rolande, jana Gaétan aliishiwa dawa ya mabomba."

"Aliishiwa. Kila mwaka namwambia nunua ya akiba, hasikii."

"Nani alikwenda dukani?"

Kikongwe alijifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha wa pili. Aliinamisha kichwa kama msichana aliyekutwa na jamu midomoni.

"Ni kwa ajili ya leseni, siyo? Théberge kanisemea. Najua ni Théberge. Haya, ni mimi. Gaétan hakuweza kuacha mashine, na usiku maji yangeganda. Nikamwambia nipe funguo, barabara naijua hata nikiwa nimefumba macho. Akakataa. Nikamwambia tena. Akasema haya mama, nenda polepole. Nikaenda polepole! Kurudi, upepo ukawa unayatupa mapipa njiani kama mpira, nikagusa moja. Kioo kikaondoka. Nimemwambia nitakilipia mwenyewe kwa pesa yangu ya pensheni. Leo nadhani amekwenda kukinunua."

Wilner alikuwa ameacha kula.

"Uligusa pipa," Pierrette alisema.

"La bluu. Liliruka mbele yangu. Niliona bluu, nikasikia kishindo. Ningesimama kuliokota, lakini Gaétan alikuwa ananisubiri."

"Baada ya hapo Gaétan alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikwenda kukitazama kioo, akakaa nje muda mrefu. Usiku alisikiliza redio, akaizima nilipoingia. Nikamuuliza una nini, akasema mgongo." Sauti yake ilikuwa imepungua. Aliutafuta uso wa Pierrette, akasogeza kiti, akasogea tena, mpaka alipouona. "Mwanangu. Kwa pipa moja hawatumi mpelelezi."

"Hapana, mama."

"Niambie."

Pierrette alimwambia. Hakuzungusha maneno. Kwamba pipa lilikuwa limeshikwa na mtu, aliyetoka, kwa maneno ya mkewe, kuliondoa barabarani lisije likasababisha ajali. Kwamba mtu huyo alilala mtaroni mpaka mpita njia alipomwona. Kwamba Gaétan asubuhi hii amekuja kituoni na kusema ni yeye.

Supu ilichemka juu ya jiko, kifuniko kikawa kinagongagonga. Wilner alinyanyuka akaizima.

"Yu hai?" Rolande aliuliza.

"Yu hai. Wamemfanyia upasuaji. Kabla hatujatoka kituoni hospitali walikuwa bado hawana la kusema."

"Anaitwa nani?"

"Yvan Lachapelle. Mwoka mikate."

"Yvan." Aliweka viganja viwili juu ya meza. "Yvan mdogo wa Barabara ya Kinu. Alikuwa anakaa kiti cha mbele, nyuma yangu kabisa, kwa sababu basi lilikuwa linamtapisha. Niliweka ndoo kwa ajili yake. Kila asubuhi ananiambia, 'Leo sitatapika, Bibi Rolande,' halafu anatapika. Nimekula mkate wake asubuhi hii."

Kikongwe alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti.

"Nisaidieni koti. Liko nyuma ya mlango. La kijivu, nadhani ni la kijivu."

* * *

Gaétan alipomwona mama yake mlangoni mwa chumba cha mahojiano alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka.

"Mama, nenda nyumbani. Afande, huyu ni mzee, hajui anachosema. Nimeshawaambia yote."

"Kaa chini, Gaétan," mama yake alisema.

"Mama..."

"Nimesema kaa."

Aliokota kiti, akakaa. Mtu mzima mwenye mikono mikubwa, na macho yameshaanza kujaa. Pierrette alimwongoza Rolande mpaka kiti cha ng'ambo, akabaki amesimama ukutani.

"Bomba la pili liko wazi," alimwambia Gaétan. "Madumu nimeyaona. Na jirani yako bado ana jibu lako mdomoni."

Gaétan alijifunika uso. "Ni mimi niliyemtuma. Nilijua haoni, nikampa funguo. Kwa sababu ya bomba! Kwa sababu ya shimo la maji! Kwa hiyo ni nani aliyemgonga yule mtu, kama si mimi?"

"Ulitaka nife sijui?" Rolande aliuliza.

"Nilitaka ulale, mama. Basi."

"Na wewe uende jela, mimi nikae pale napika supu, nasema mwanangu kawa mtu wa kukimbia baada ya kugonga watu. Ungenifanya nikulaani bure. Ulifikiria hilo?"

Gaétan alinyoosha mkono juu ya meza, na mama yake, aliyekuwa haoni vizuri ulipo, aliupapasa mpaka akaupata.

Simu ya mezani ililia ukumbini. Wilner alitoka, akarudi, akamnong'oneza Pierrette. Pierrette aliwageukia.

"Ni hospitali. Lachapelle ameamka. Amemtambua mkewe. Daktari anasema kutembea kutachukua muda, lakini atatembea."

Gaétan alilaza kichwa juu ya meza, mabega yakamtikisika. Mama yake alifumba macho, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa huru, kisha akayafumbua.

"Nataka kumwona."

"Leo haiwezekani," Pierrette alisema. "Na siwezi kukuahidi kwamba atataka. Mama, nitakwambia ukweli. Uliendesha bila leseni, na mtu ameumia. Hukujua kwamba umegonga mtu, hilo naliamini na nitaliandika, lakini mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua. Gaétan naye ametudanganya, atalijibu hilo. Unaweza kungojea wakili kabla ya kusema lolote."

"Wakili ataniambia ninyamaze."

"Huenda."

"Basi asije kwanza." Alimgeukia Wilner, au upande aliodhani Wilner yuko. "Wewe mtoto wa Jérémie, ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, mama." Wilner alichukua karatasi mpya. Ile ya asubuhi, yenye maneno ya Gaétan, aliigeuza kifudifudi. "Nianzie wapi? Kwenye upepo? Kwenye pipa?"

Bibi Rolande alifikiri kidogo.

"Hapana. Pipa litakuja baadaye," alisema. "Andika kwanza kwamba nilikuwa sioni, na nilijua."

Wilner akaandika.